"Pumzi" kwa Kiswahili: shajara ya mradi wa manukuu na daftari la maana

Siku ya 1

Leo nimeanza kazi niliyoiahirisha kwa muda mrefu. Ninaandaa manukuu ya Kiswahili, yaani maandishi yanayopita chini ya picha, kwa ajili ya filamu fupi ya Pumzi, pamoja na daftari dogo la maana ambalo wanafunzi wangu wa sekondari watalitumia katika kikao chetu cha fasihi cha Jumamosi hapa Mombasa. Filamu hii iliandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya, ikatoka mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani. Urefu wake ni dakika 20 na ushee tu. Mimi ni mpenzi wa bunilizi za kisayansi tangu utotoni, nami sijaona nyingine niliyoirudia mara nyingi kama hii. Hata hivyo limekuwa likinikereketa siku zote jambo moja, kwamba filamu yenye jina la Kiswahili inazungumza Kiingereza.

Kwa asiyeijua, hadithi yenyewe ni hii. Imepita miaka 35 tangu Vita Kuu vya Tatu vya Dunia, ambavyo vilikuwa vita vya kugombea maji. Watu wa Afrika Mashariki waliosalia wanaishi ndani ya makazi yaliyofungwa, katika jumuiya iitwayo Maitu. Asha, ambaye anaigizwa na Kudzani Moswela, ni msimamizi wa makumbusho ya viumbe vilivyokwisha kutoweka. Siku moja analetewa kiboksi chenye udongo, kisicho na jina la aliyekituma. Anaupima udongo huo na kukuta kwamba una unyevu mwingi na hauna mionzi, kisha anapanda ndani yake mbegu ya zamani, nayo inachipua. Baraza la jumuiya linashikilia kwamba nje hakuna uhai, linamnyima kibali cha kutoka, na linamwondoa kazini na kumpeleka kwenye mashine ambazo watu huzalisha umeme kwa nguvu za miili yao. Anatoroka kwa msaada wa mhudumu wa msalani, anatembea jangwani na mche wake, anaupanda, anaumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anajilaza ili aukinge na jua. Kamera inapanda juu, mti unaota pale alipolala, na neno "Pumzi" linajitokeza.

Nimechora jedwali la safu mbili. Safu ya kwanza ni ya maana halisi na ya pili ni ya maana ya kitamathali. Maji ni kimiminika cha kunywa, na upande wa pili ni uhai. Mbegu ni punje ya mmea, na upande wa pili ni tumaini. Jangwa, ukavu, na upande wa pili ni upweke. Kufikia adhuhuri nilikuwa na mistari 11, nikafunga daftari nikiwa nimeridhika kupita kiasi.

Siku ya 2

Kazi ya leo ilikuwa ya kifundi tu. Desturi ya watu wa manukuu ni mistari miwili kwa kila picha, yenye herufi zisizozidi 42 au karibu na hapo kwa mstari mmoja, na Kiswahili kwa maumbile yake hupenda kubeba sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja kirefu. Faida ni kwamba "hawakuniruhusu" ni neno moja linalomaliza kazi. Hasara ni kwamba haliwezi kukatwa katikati bila kumchefua msomaji. Kwa bahati nzuri filamu yenyewe haina maneno mengi, na sehemu kubwa ya yale machache hutoka katika mitambo.

Nimekwama kidogo kwenye maandishi ya mwanzo yanayotaja eneo la hadithi. Neno la Kiingereza lililotumiwa hapo kwa Afrika Mashariki, "Territory", ni lile lile ambalo Waingereza waliliweka nyuma ya jina la Tanganyika walipokuwa wakiitawala. "Eneo" ni tafsiri salama lakini halina harufu hiyo. "Himaya" linayo, ila linazidisha. Nimeandika "Eneo" kwa penseli.

Siku ya 4

Mstari wa tano wa jedwali umenishinda, na sasa naona kwamba umevunja jedwali zima.

Neno ni "jasho". Katika lugha yetu ya kila siku jasho halibaki jasho. Mtu hula jasho lake, mnyonge huporwa jasho lake, na tajiri dhalimu husemwa kwamba ananyonya jasho la wafanyakazi wake. Mtu akiyasikia maneno hayo hafikirii kimiminika chenye chumvi bali mshahara, uchovu na haki. Maana ya kitamathali imezoeleka mno hata imekuwa ndiyo maana ya kwanza, na ile ya mwilini imerudi nyuma kama mgeni. Sasa mtazame Asha. Anafuta jasho lake na kulikusanya, linasafishwa, na linarudi chupani kwake kuwa maji ya kunywa. Mkojo nao ni hivyo hivyo, wala hakuna anayeona aibu, maana kila mtu anaishi kwa kipimo cha maji. Kwenye mashine za umeme, jumuiya inapata taa zake kutokana na misuli ya watu wanaokimbia bila kufika popote. Hakuna sitiari hapo. Msemo wetu mkongwe umeshushwa kutoka kwenye safu ya pili na kuwekwa kwenye ya kwanza, na mtu anakunywa jasho lake kwa kweli.

Mwandishi wa Marekani Samuel R. Delany aliwahi kuieleza hulka hii ya bunilizi za kisayansi. Sentensi inayosema kwamba ulimwengu wa mwanamke fulani umelipuka, ikiwa ndani ya riwaya ya kawaida, ni namna ya kusema kwamba amepatwa na msiba. Lakini ikiwa katika hadithi ya anga za juu, msomaji hana budi kuuliza kwanza kama sayari yake imepasuka vipande vipande. Nilikuwa nikilijua dai hilo kwa miaka mingi kama jambo la wasomaji wa Kiingereza. Sikuwa nimewahi kulijaribu kwa misemo yetu.

Nimeifuta mistari yote 11. Tumaini limekwenda na mbegu yake. Nadhani lilikuwa jibu la mtihani tu, la aina ile ambayo mwanafunzi huandika kabla hata hajatazama.

Siku ya 7

Nimeanza upya kwa utaratibu mwingine. Kwa kila kitu kinachoonekana kwenye filamu, kwanza ninakusanya misemo ya Kiswahili inayokitumia kwa maana fiche, ndipo ninatazama filamu inakifanyia nini kitu chenyewe.

Udongo umenipa zawadi ambayo sikuitafuta. Methali inasema "udongo uwahi ungali maji", na sote tumefundishwa kwamba haihusu udongo wala ufinyanzi, bali inahusu watoto, kwamba wafunzwe wangali wadogo. Nimeitumia darasani mara nyingi bila kumfikiria mfinyanzi hata kidogo. Lakini hapa kuna mwanamke aliyeshika udongo mkononi, amepewa na chombo chake cha maabara jibu kwamba udongo huu una maji, na hana muda. Anauwahi ungali maji. Methali nzima imetendeka mbele ya macho, neno kwa neno, na mtoto anayelelewa ndani yake ni mche.

Maneno mengine mawili nayapitia upesi. "Makumbusho" kwetu ni mahali pa kukumbusha, hivyo kazi ya Asha imekwisha kuelezwa ndani ya jina la jengo lake, na kumwondoa humo ni kumnyang'anya kazi ya kukumbusha kwa maana iliyo wazi kabisa. "Kibali" nacho kina pande mbili tangu zamani, karatasi ya ruhusa na upendeleo mbele ya mwenye enzi. Anaponyimwa kibali na baraza, Kiswahili hakilazimiki kuchagua ni kipi kati ya hivyo alichokosa. Nimeliacha neno lilivyo.

Siku ya 9

Hii ndiyo siku ambayo mradi umejilipa.

Katika filamu, Asha anaunusa ule udongo na papo hapo anazama katika njozi ya mti mkubwa wenye majani, kisha mtambo unamgutusha ukimwambia kwamba ndoto imeonekana na kwamba ameze dawa yake. Jumuiya ya Maitu huwapa watu dawa za kuzuia ndoto. Nilikuwa nikitafuta namna fupi ya kulisema hilo chini ya picha. "Dawa ya kuzuia ndoto" ni sahihi lakini ni baridi. "Dawa ya kukata ndoto" ina ladha zaidi, kwa sababu inasimama jirani na dawa ya kukata homa upande mmoja na kukata tamaa upande wa pili, na kwa saa nzima niliishikilia hiyo. Kisha, nikiijaribu sentensi kwa sauti ili nione kama mdomo unaikubali, nikasema "dawa ya kuzuia kuota", nikanyamaza.

Kuota! Mtu anaota usiku. Mbegu inaota ardhini. Kwa Kiswahili hiki ni kitendo kimoja kwa sikio, na kinachotenganisha ndoto na chipukizi ni kiambishi cha ngeli tu: Asha anaota, mbegu inaota, mche unaota. Wanaisimu watasema haya ni maneno mawili yaliyogongana umbo, na kamusi huyaandika kama maingizo tofauti. Sina ugomvi nao. Lakini filamu hii imejengwa juu ya mgongano huo kana kwamba ilipangwa hivyo. Utawala unaokataza watu wake kuota ndio huo huo unaosema kwamba nje hakuwezi kuota kitu. Mwanamke anaota mti, na saa chache baadaye mbegu inaota. Ukiitazama kwa Kiingereza, uhusiano wa ndoto na mbegu ni wazo ambalo mtazamaji hulazimika kulifikia kwa kufikiri. Ukiitazama kwa Kiswahili, uhusiano huo unatangulia kuwapo masikioni, na kinachobaki ni kujiuliza kwa nini hukuusikia mapema.

Sidai kwamba mtunzi alikusudia hivyo. Maandishi yake ya mazungumzo ni ya Kiingereza, na sina haki ya kumtilia maneno kinywani. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba tafsiri ikiingia Kiswahili, inaingia katika nyumba ambayo samani hizo zilikwisha kupangwa.

Nimeandika "dawa ya kuzuia kuota" na nimeipigia mstari kwa kalamu ya wino. Herufi 20 pamoja na mianya ya maneno, inaingia kwenye mstari mmoja na nafasi inabaki.

Siku ya 10

Nimejaribu kulitumia "kuota" kila mahali, kwa furaha ya jana, na matokeo yake ni mabaya. Mtazamaji akilisikia mara nne ndani ya dakika mbili atajua kwamba mfasiri anamkonyezea jicho. Nimeliacha mahali pawili tu: kwenye amri ya mtambo, na kwenye sentensi inayotaja mbegu.

Siku ya 13

Nilikuwa nimeichelewesha "Maitu" kwa sababu si Kiswahili bali ni Kikuyu, na mimi Kikuyu changu kinaishia kwenye salamu. Leo nimeketi na mwalimu mwenzangu ambaye ni lugha ya mama yake, nikamwonyesha picha ya chombo chenye ile mbegu ya zamani. Kibandiko chake kinaeleza kwamba neno hilo ni "mama", kisha kinalichambua kuwa linatokana na "maa", ukweli, na "itu", wetu: ukweli wetu.

Mwenzangu alicheka kidogo, si kwa dharau. Alinieleza kwamba kwake yeye "maitũ" ni mama yangu, neno la mtoto anayeita kutoka uani, na kwamba Kikuyu hakina njia ya kumtaja mama bila kumtaja mwenyewe: mama yako ana neno lake, mama wa mtu mwingine ana neno lake. Ule uchambuzi wa ukweli wetu, alisema, ni falsafa, na ni falsafa nzuri, ila yeye hakuwahi kumwita mama yake akiwaza falsafa. Nimeona nimwandike hapa kwa sababu ametoa somo la mradi mzima bila kukusudia. Filamu imelichukua neno la jikoni, ikalifungua kama mtu anavyopasua nazi, na kuonyesha kwamba ndani mna kitu kingine. Mlaji wa kila siku hana haja ya kupasua namna hiyo, naye hakosei.

Kwa wanafunzi nitaandika kwamba jina la jumuiya ni kinaya. Wamefungiwa ndani ya "Mama", na mama huyo haruhusu mtu kutoka tumboni. Mbegu yenye jina hilo hilo, kwa upande wake, haifai kitu isipokuwa itoke.

Hapa pia ndipo nilipopambana na kishawishi kikubwa. Mwaka huo huo wa 2009 Wanuri Kahiu alitoa filamu ya hali halisi kumhusu Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la upandaji miti la Green Belt mwaka 1977 na mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwaka 2004. Mwanamke wa Kikuyu, mche mkononi, serikali iliyokasirika: ni rahisi mno kuandika kwenye safu ya pili kwamba Asha ni Wangari na kwenda kulala. Maathai mwenyewe alisimulia juu ya mugumo uliokuwa karibu na nyumbani kwao, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa sababu ni mti wa Mungu, na juu ya kijito kilichokuwa jirani, ambacho kilikauka baada ya mti huo kukatwa. Simulizi hiyo imo katika damu ya filamu hii, hilo naliona. Lakini ukimgeuza Asha kuwa kivuli cha mtu mwingine, unampotezea uzito wake jangwani. Isitoshe, mti wa Maathai ulianza kwa kuwa mti. Wanawake wa vijijini walihitaji kuni, maji na malisho, wakapanda miche, na kufikia wakati wa tuzo ile ilikuwa imehesabiwa miti zaidi ya milioni 30. Ulikuja kuwa ishara ya siasa baadaye, mwaka 1989 katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi na miaka kumi baadaye katika msitu wa Karura, na ukawa ishara yenye nguvu kwa sababu kila mtu alijua kwamba ni mti wa kweli, unaohitaji kumwagiliwa. Nimeandika ukurasa mmoja juu yake na kuuweka nje ya jedwali.

Siku ya 15

Majaribio ya kwanza mbele ya wanafunzi. Nilitarajia maswali juu ya ishara. Nilipata maswali juu ya lita.

Kijana mmoja, ambaye nyumbani kwao hununua maji ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20 mifereji inapokauka, alisimama na kusema kwamba mwisho wa filamu ni uongo. Mche mmoja jangwani, alisema, hauponi kwa funda moja la maji na matone ya jasho. Kufikia kesho yake saa sita umekwisha kunyauka. Wenzake wawili walimjibu kwamba haelewi taashira, na yeye akawajibu, kwa haki kabisa, kwamba filamu imetumia dakika 20 kumfundisha kuhesabu kila tone, kisha inataka mwishoni aache kuhesabu. Darasa liligawanyika. Mimi nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na jibu, na huwa nafundisha kwamba mwalimu asiye na jibu akae.

Aliyelitatua ni msichana wa nyuma ambaye kwa kawaida haongei. Aliuliza kama mtu naye si maji. Tukaliandika ubaoni. Mwili wa mtu mzima kwa kawaida ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 ana ndani yake maji ya kujaza mtungi mmoja na nusu wa mkokoteni, na pengine zaidi. Chombo kikubwa kuliko vyote cha maji katika safari ile, basi, hakikuwa ile chupa. Alikuwa Asha. Alipoimaliza chupa na kujifuta jasho lake, hakuwa amefikia mwisho wa akiba. Alikuwa amebakiza sehemu yake kubwa, akailaza juu ya mche. Methali yetu inasema kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Mwanamke aliyechoka ana kivuli kisichozidi sana cha fimbo kwa upana, lakini mche ni mdogo kuliko mtu, nacho kilitosha kwa siku ile.

Yule kijana alilikubali jibu hilo kwa masharti, akisema kwamba hata hivyo mti haukui kwa kasi ile. Sawa. Mti unaokua mbele ya macho yetu kamera inapopanda ni muda uliofupishwa, na nadhani hata yeye alilijua hilo. Alitaka tu asishindwe kila upande.

Jambo la kando: katika muhtasari alioandika mwanafunzi mmoja nilikuta sentensi "mche anaota kwa sababu Asha amempa maji". Ngeli imekosewa, kwa maana mche ni wa u-i, nikachukua kalamu nyekundu. Kisha nikaisoma tena. Mche anaota. Kosa la upatanisho limeupa mche nafsi na, papo hapo, limeupa ndoto. Nilisahihisha, kwa sababu mtihani hausamehe, lakini pembeni niliandika aje tuzungumze juu ya tashihisi.

Siku ya 16

Jana jioni nilikuwa nikikagua muda wa manukuu sebuleni, na shangazi yangu, ambaye hana habari na bunilizi za kisayansi na huiita kazi hii "michezo yako ya kompyuta", aliketi kunifanyia uenzi huku akichambua mchele. Alitazama robo ya mwisho tu. Asha alipojilaza, shangazi aliweka ungo chini akasema, "Maskini, kashapumzika."

Nilimwuliza, "Shangazi, amekufa au amelala?"

"Mimi nimesema kapumzika," alijibu, na akarudi kwenye mchele wake.

Nimekuwa na neno la jina la filamu hii mbele yangu kwa siku 16 na sikuwa nimelifuata hadi kwa jamaa zake. Pumua, pumzi, pumzika, mapumziko: wote ni ukoo mmoja. Anayepumzika, kwa asili ya neno, ni mtu anayeacha kazi ili pumzi imrudie. Hapo hapo, kwa adabu yetu mbele ya wafiwa, anayepumzika ni yule ambaye pumzi imemtoka na haitarudi. Lugha haikuona tatizo kuyaweka hayo mawili katika neno moja, na haimwelezi msikilizaji ni lipi, isipokuwa kwa sauti na mahali. Shangazi alipokataa kunichagulia hakuwa akikwepa. Alilitumia neno lililo sahihi kwa kile alichokiona, kwa sababu filamu nayo haimwonyeshi Asha akikata roho. Inamwonyesha akilala, kisha inaondoka.

Kwa upande wa maumbile ya kweli, pumzi hapo ni biashara isiyo na fumbo lolote. Mti hunywa maji kwa mizizi, hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na katika kufanya hivyo hutoa oksijeni ambayo sisi huivuta. Sisi nasi huurudishia kabonidioksaidi tunayoitoa. Asha anampumulia mche na mche unawapumulia waliobaki nyuma, waliofungwa ndani na kuambiwa nje hakuna kitu. Ndiyo, nimeandika "anampumulia". Sikusahihisha.

Siku ya 19

Daftari la maana limekamilika kwa umbo ambalo sikulitarajia. Zile safu za maana halisi na ya kitamathali nimeziondoa. Sasa safu ya kwanza inaitwa "Tunavyosema" na ya pili inaitwa "Filamu inavyotenda". Chini ya "Tunavyosema" kuna kula jasho, udongo uwahi ungali maji, kuota, kunyimwa kibali, kupumzika, na misemo mingine miwili. Mbele ya kila moja kuna picha iliyotajwa kwa dakika yake, na nafasi tupu ambayo mwanafunzi ataijaza mwenyewe. Mistari ni saba tu. Maji yenyewe nimeyaacha bila mstari, kwa kuwa yamo katika kila mstari.

"Eneo" la Afrika Mashariki limebaki kwa penseli hadi leo, na sasa nimelipitishia wino. "Himaya" ingemfanya mtazamaji afikirie Waingereza kabla hajamwona Asha.

Limebaki tatizo moja la kifundi. Kila picha yenye maandishi ya Kiingereza inapata mstari wangu chini yake, na programu ninayotumia hunionya kwa rangi nyekundu ikikuta maandishi ya picha yasiyo na tafsiri. Katika picha ya mwisho, kamera ikiwa juu na mti ukiwa umekwisha kusimama pale alipopumzika Asha, linatokea neno "Pumzi", na programu inanionya. Nilijaribu kuandika neno hilo hilo chini yake. Likaonekana mara mbili, kubwa juu na dogo chini, kama mtoto anayerudia maneno ya mkubwa. Nilijaribu pia kuweka nukta tatu. Mwishowe nimelizima onyo, nimeuacha mstari huo mtupu, na nimelihifadhi faili.

Kikao kamili ni Jumamosi ijayo. Shangazi ameniuliza kama anaweza kuja kuiona ile sehemu ya mwanzo.